NGUVU NI ZAKO, BARABARA NI YA NANI?

Ndugu kijana,

Usiikunje kwanza karatasi hii ukaitia mfukoni. Isome hapo hapo ulipo: kituoni Gongo la Mboto ukisubiri daladala, kijiweni na wenzako, au gerejini umekalia tairi bovu na mikono imejaa grisi. Dakika kumi tu zinatosha. Wengi wamekuzoesha kwamba karatasi ya namna hii lazima ianze na ulevi na disko. Hii inaanza na injini.

Je, unajua kwamba chini ya boneti ya pikapu kuna swali kubwa limejificha?

SWALI LENYEWE

Chukua Toyota Hilux ya zamani, ya dizeli, yenye injini ya 2L. Unaijua. Inabeba saruji, inabeba mkaa, inabeba vitanda na makabati siku ya kuhama. Ikipandisha Pugu na mzigo inanguruma wee, inatoa moshi, na bodaboda wanaipita huku wakicheka. Injini yake ni ya lita 2.4, na nguvu zake ni kama farasi 80 hivi.

Sasa chukua injini nyingine, 1JZ-GTE, ile ambayo Toyota waliitoa mwaka 1990 na kuifunga kwenye Mark II na Chaser za mwendo kasi. Lita 2.5. Pistoni sita kwenye mstari mmoja, na tabo ya kusukuma hewa. Kiwandani imeandikiwa farasi 280. Ukubwa ni karibu ule ule, lakini nguvu ni mara tatu na nusu!

Kijana anaziangalia injini hizi mbili na moyo unamdunda. Anajisemea, "Nikiishusha ile nikafunga hii, nani wa kunipita kutoka Gongo la Mboto mpaka Tazara?" Ukimgusa kidogo atakujibu hivi: "Pikapu yangu, injini yangu, hela nimehangaikia mwenyewe. We inakuhusu nini?"

Hilo ndilo swali, na tusilidharau, maana halihusu magari peke yake. JE, NGUVU NI MALI YA ALIYEZINUNUA?

1. KUTAKA NGUVU SI UOVU

Tuseme haki kwanza. Mtu asikudanganye kwamba kutaka nguvu ni ubaya. Aliyechoka kusukuma gari mlimani ana haki ya kutamani injini isiyochoka.

Tena kazi hiyo ina akili ndani yake. Fundi anayefunga injini ya gari dogo kwenye chasisi ya pikapu hafanyi mchezo. Lazima apime kama sampu itapita juu ya mhimili wa mbele. Lazima achomelee vishikizo vipya vya injini, aoanishe gia boksi, akate propela na kuisawazisha isitikisike, atafute rejeta inayotosha. Kisha zile waya! Injini ya zamani ya dizeli ilikuwa inaridhika na waya chache, lakini hii ina kompyuta yake na lundo la waya ambazo moja tu ikikosewa, gari haliwaki. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

Wala si jambo la ajabu duniani. Kule Afrika Kusini mafundi wamefunga injini za V8 za Lexus kwenye Hilux kwa miaka mingi. Na mwezi Januari 2019, mashindano ya Dakar yaliyofanyika Peru yalishindwa na Hilux iliyoendeshwa na Nasser Al-Attiyah wa Qatar, na injini yake ilikuwa V8 ya lita 5 iliyotoka kwenye gari la mwendo kasi la Lexus. Kwa hiyo anayekuambia haiwezekani, hajui. Inawezekana kabisa.

Lakini kijana, "inawezekana" na "inafaa" si ndugu wa tumbo moja.

2. KILE KILICHOSHUKA PAMOJA NA INJINI

Hapa sikiliza kwa makini, maana wengi hawalijui hili mpaka siku ya siku.

Nyuma ya altaneta ya ile injini ya dizeli pana pampu ndogo. Haipigi kelele, haing'ai, haina mtu anayeisifia. Kazi yake ni kuvuta hewa. Na ile nguvu ya mvuto inakwenda wapi? Inakwenda kwenye busta ya breki, ile sufuria nyeusi iliyo mbele ya dereva chini ya boneti. Ndiyo inayousaidia mguu wako. Unakanyaga kidogo, gari linasimama.

Sasa unaposhusha injini ya dizeli, ile pampu nayo inashuka. Umeishusha kwa mkono wako mwenyewe, ukaitupa pembeni pamoja na chuma chakavu.

Injini ya petroli ina njia yake. Inavuta hewa yenyewe kwenye bomba la kuingizia, na fundi anayejua atatoa mpira pale mpaka kwenye busta. Lakini injini yenye tabo ina tabia nyingine. Ukikanyaga mafuta sana, lile bomba haliVuti tena, linasukuma! Kwa hiyo lazima pawe na vali ya kupitisha hewa upande mmoja tu, ili ule mvuto uliohifadhiwa usipotee. Asipoiweka, au akiweka mbovu, basi dereva akitoka kwenye mwendo mkali na kukanyaga breki, mguu unakutana na jiwe.

Umeona? Siku ile ile aliyoongeza nguvu mara tatu, ndiyo siku aliyokata msaada wa breki. Hakukusudia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatazama injini inayoingia, hakuuliza ile inayotoka ilikuwa imeshikilia nini.

Na hiyo ni pampu moja tu. Bado ngoma za breki za nyuma zilizopimwa kwa gari la polepole. Bado springi za nyuma zilizoundwa kubeba tani, ambazo pikapu ikiwa tupu zinarukaruka, na tairi za nyuma hazishiki vizuri. Mvua inyeshe kidogo, mwenye farasi 280 akanyage mafuta, mkia wa gari unageuka kuwa mbele. Aliye pale barabarani anauza mahindi ya kuchoma hajui habari za farasi. Anaona tu gari linamjia kwa ubavu.

3. HESABU HAIBEMBELEZEKI

Labda unasema, "Mimi najua kuendesha. Nimezaliwa na usukani." Sawa. Lakini hesabu haikujui jina.

Gari likienda kilomita 100 kwa saa badala ya 50, mwendo umezidi mara mbili. Kazi ya breki je? Haikuzidi mara mbili. Imezidi mara NNE. Ndivyo ulimwengu ulivyoumbwa: mwendo ukizidishwa, nguvu ya kugonga inazidishwa kwa kizidisho hicho mara mbili. Mwendo mara tatu, kugonga mara tisa. Huwezi kuihonga hesabu hiyo, wala haijali wewe ni mtoto wa nani.

Tena, kabla mguu haujafika kwenye breki, macho lazima yaone na akili iamue. Tuseme ni sekunde moja tu, na wewe ni mwepesi kweli kweli. Kwa kilomita 50 kwa saa, katika sekunde hiyo moja gari limekwenda mita 14 hivi. Kwa kilomita 100 limekwenda mita 28. Hujagusa breki bado! Mita 28 ni mbali. Ndani ya mita hizo anaweza kuwemo mtoto wa shule aliyeshuka daladala na kuvuka bila kutazama, kama watoto wanavyovuka.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Waliotaja namba hiyo hawakuwa wanakuonea wivu.

4. HATA WAKUBWA WALIJIWEKEA MIPAKA

Pengine unadhani mipaka ni habari za maskini na waoga. Basi tuwatazame wenye hela zao.

Huko Marekani, kuanzia mwaka 2004 mpaka 2006, kampuni ya Dodge iliuza pikapu iliyoitwa Ram SRT-10. Walichukua injini ya gari lao la mwendo kasi, Viper, lita 8.3, pistoni kumi, farasi 500, wakaitia kwenye pikapu. Jambo lile lile unaloliota wewe! Februari 2004 pikapu hiyo ilipimwa ikienda karibu kilomita 249 kwa saa. Lakini walipoifunga injini hawakuishia hapo. Waliweka breki kubwa zaidi, springi nyingine na magurudumu mengine. Kiwanda kizima chenye wahandisi wake hakikuthubutu kuongeza nguvu peke yake.

Kabla yao, mwaka 1991, GMC walitoa pikapu iliyoitwa Syclone, farasi 280 kama ile injini yako. Jarida moja la Marekani liliishindanisha na Ferrari, na pikapu ikatangulia! Lakini uwezo wake wa kubeba? Kilo 227 hivi tu. Mifuko minne ya saruji, basi! Yaani pikapu iliyoshinda Ferrari isingemaliza kazi ya asubuhi moja ya pikapu ya Gongo la Mboto. Ilipata sifa, ikapoteza kazi. Je, wewe hujawahi kumwona mtu wa namna hiyo?

Na ile Hilux ya Dakar? Jina ni Hilux na sura ni Hilux. Lakini ndani yake ilikuwa na fremu ya mabomba iliyoundwa upya kwa ajili ya mashindano, na kanuni ziliwalazimisha kubana tundu la kuingizia hewa ili injini isitoe nguvu zake zote. Bingwa wa Dakar alishinda akiwa AMEBANWA.

Hata hii 1JZ yenyewe. Unajua kwa nini iliandikiwa farasi 280 na si zaidi? Watengeneza magari wa Japani walikubaliana, mpaka mwaka 2004, kwamba gari la kuuzwa kwao lisitangazwe kuzidi hapo. Na lile gari la Kijapani ulilolipanda jana, tazama dashibodi yake: mshale unaishia 180. Hiyo ni alama ya watu walioketi wakaambiana, "Tunaweza zaidi, lakini tuishie hapa."

Kujiwekea mpaka si udhaifu, kijana. Mwenye nguvu kweli ndiye anayeweza kusema imetosha.

5. KADI INASEMAJE?

Kuna jambo la pili, nalo watu hulipitia haraka. Kadi ya gari lako imeandikwa namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini bila kwenda TRA kubadilisha kumbukumbu, kuanzia siku hiyo gari lako linasema uongo. Linajiita dizeli ya lita 2.4, na ndani ni kitu kingine.

"Ah, nani atafungua boneti?"

Atafungua mnunuzi, siku utakapotaka kuliuza. Ataangalia mtu wa bima siku ya ajali, na bima ilikatwa kwa gari lililoandikwa, si kwa gari lililofichwa. Utasema nini kwa mama wa mtoto aliyevunjika mguu, bima ikigoma kulipa kwa sababu ya siri yako?

Mafundi wa kweli hawaoni haya kuandika walichofanya. Ukiona kazi inahitaji gizani, jiulize kwa nini.

6. BARABARA NI YA NANI?

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, nguvu ni mali ya aliyezinunua?

Injini ni yako, nakubali. Usukani ni wako. Lakini mwendo wa gari lako hauishii kwenye bampa. Unatangulia mbele yako mita 28, mita 50, mita 80, na eneo hilo lote limejaa watu ambao hawakuchangia hata shilingi kwenye injini yako na hawakuulizwa. Mama mwenye ndoo. Mzee anayevuka polepole kwa sababu ya magoti. Kijana mwenzako juu ya bodaboda, naye ana mama yake.

Gongo la Mboto haihitaji kufundishwa jambo hili na mgeni. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalilipuka katika ghala la silaha la kambi ya jeshi. Zaidi ya watu 20 walifariki. Maelfu walikimbia gizani, wengine bila viatu, na watoto wakapoteana na wazazi. Miaka miwili kabla yake, Aprili 2009, Mbagala nao waliyaona hayo hayo. Waliokufa hawakuwa na ufunguo wa ghala. Hawakuchagua nini kihifadhiwe, wala kwa namna gani. Nguvu zilikaa sehemu moja, mabati yaliyotobolewa yalikuwa ya watu wengine.

Ndugu yangu, hiyo ndiyo tabia ya nguvu zote, ndogo kwa kubwa. ANAYEZISHIKA NI MMOJA, WANAOZIPATA NI WENGI. Kwa hiyo jibu la swali ni hili: nguvu ni zako mpaka kwenye boneti. Zikitoka hapo ni deni, na unawadai wewe? La! Wao ndio wanaokudai.

Najua utakalosema. "Mbona wakubwa wanapita na mashangingi ya V8, tena kwa kasi, na hakuna anayewapa karatasi? Sisi watoto wa uswahilini tukitaka kidogo, mnatuhubiria!" Umesema kweli, na uchungu wako una haki. Anayepita kasi kwenye makazi ya watu ana hatia hata akiwa na king'ora. Lakini fikiri: gari la mkubwa likikosa njia Pugu Road, litamgonga nani? Na pikapu yako ikikosa njia, itamgonga nani? Ni yule yule. Ni jirani yako. Kosa la mkubwa halikupi wewe kibali. Linakupa sababu ya kuwa tofauti.

7. NA WEWE MWENYEWE JE?

Labda huna pikapu, wala hutakuwa nayo. Bado habari hii ni yako.

Kila kijana anatafuta kufungiwa injini kubwa zaidi. Mmoja anaomba hela nyingi kwa ghafla. Mwingine anataka cheo, mwingine jina, mwingine sauti ya kusikilizwa na watu. Vizuri. Lakini umejiuliza breki zako zina ukubwa gani? Mwenye shilingi elfu kumi na hasira ataharibu jioni moja. Mpe milioni kumi na hasira ile ile, ataharibu nyumba nzima. Hela haikumbadilisha. Ilimwongezea farasi.

Yesu alisema habari za divai mpya na viriba vikuukuu, utaisoma katika Luka sura ya 5. Wasikilizaji wake walielewa mara moja, maana walikuwa wameona: divai changa inachachuka, kiriba kikavu hakivumilii, kinapasuka, na vyote viwili vinapotea. Divai haikuwa na kosa. Ilitiwa mahali ambapo hapakuandaliwa. Angekuwa anazungumza na mafundi wa Gongo la Mboto, nadhani wangemwelewa kwa injini.

Na angalia jambo hili: hakuna mtu anayewaita washikaji waje kusikiliza breki. Injini mpya ikiwashwa gereji nzima inakusanyika, watu wanapiga simu, wanapiga picha. Pedi mpya zikifungwa hakuna anayeinua kichwa. Ndivyo ilivyo na maisha. Mambo yanayokusimamisha hayana kelele. Kusema hapana, kulipa deni, kurudi nyumbani mapema, kumwambia mteja ukweli. Hayapigiwi makofi, lakini ndiyo yanayokufikisha.

AMUA LEO

Kijana, sikwambii usifunge. Nakwambia ufuate mpangilio. Kwanza breki: diski, pedi, ngoma, busta na ile vali ndogo. Kisha tairi na springi. Kisha propela na difu zinazoweza kustahimili. Kisha kadi iandikwe kweli. MWISHO, ndipo injini.

Utasema ni gharama. Ni kweli. Hapo ndipo penye kipimo chako. UKIKOSA HELA YA BREKI, HUNA HELA YA INJINI. Hata kama unayo mfukoni, bado hujaipata.

Na kama fundi mwenzako yuko karibu kuwasha injini mpya wiki hii, usimpite ukicheka. Mwulize neno moja tu, kwa upole, kabla hajageuza ufunguo: "Ile pampu uliyoishusha, umeweka nini mahali pake?"

Huenda ukamwokoa mtu ambaye hutamjua kamwe.